Kifumbu cha Kijani

Niliunguza pedali ya Fundi kwa adapta ya kinanda cha kanisa, nikairudisha rafuni ikiwa bado na joto, nikanyamaza. Naanza na hilo kwa sababu nimejaribu kuanza kwingine, kwa kofia yake, kwa namna alivyokunywa chai, na kila mara najikuta kama mtu aliyefika mlangoni akajifanya anasoma namba ya nyumba.

Pedali, kwa asiyeijua, ni kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na spika. Sauti huingia upande mmoja, hutokea upande wa pili imebadilika. Kuna za kuikwaruza sauti, kuna za kuipa mwangwi, na kuna filta, ambazo huichuja: huzuia sehemu fulani na kuachia nyingine. Filta za Fundi zilikuwa za kizamani, hazina kompyuta ndani, ila vipande vidogo vya umeme vilivyoungwa kwa lehemu kimoja kimoja. Alikuwa na duka la kutengeneza redio na amplifaya Kisauni, hatua chache kutoka barabara ya Malindi, na rafu ya juu aliziweka tatu. Mimi nilikuwa na gitaa la besi la mtumba, simu yenye kioo kilichopasuka iliyokuwa mwalimu wangu pekee, na daftari, nikaanza kwenda dukani kwake kujifunza.

Ukimkuta kazini, mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni. Watu wageni walidhani ni maringo. Mama mmoja aliyeleta redio yake alisema kwa sauti, ili asikie, kwamba wazee wa pwani hata kazi wanaifanya kwa nusu. Fundi hakuinua kichwa. Alipomaliza, akamrudishia redio inaimba, kwa mkono huo huo mmoja.

Mimi aliniambia sababu siku ya tatu, nilipopata ujasiri wa kuuliza.

"Umeme ukikushika mkono mmoja, utakuunguza mkono," alisema. "Ukikushika mikono miwili, unapita katikati. Na katikati pana nini?"

"Moyo."

"Basi. Mmoja ndani, mmoja nje. Mimi mwoga, mwanangu."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja mtaa anakotoka. Zamani amplifaya ya hoteli moja ilikuwa imemrusha kutoka jukwaani hadi kwenye meza ya wageni, na tangu hapo hakugusa kifaa chochote cha umeme bila kuficha mkono wa kushoto. Hata tochi. Hata redio ndogo ya betri mbili, ambayo haiwezi kumuua panya. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akikiri woga bila kucheka baadaye. Nilirudi nyumbani nikalala vizuri.

Maana mimi woga wangu ulikuwa wa aina nyingine. Sikuogopa umeme. Niliogopa noti. Nilipiga besi katika kwaya ya vijana kwa mwaka mzima huku nimeipunguza sauti kiasi kwamba mwimbishaji aliwahi kuniuliza, wimbo wa tatu ukiwa umekwisha, kama nimeshafika. Nikikosea noti moja Jumapili, ilinifuata mpaka Alhamisi. Niliisikia nikipiga mswaki. Niliandika kila kosa daftarini, na saa, na wimbo, na kidole kilichokosea. Baba alikuja Mombasa kutoka Kitui kufanya kazi bandarini, na kwake kazi ni kitu ama kimefanywa ama hakijafanywa. Aliponikuta nikirudia mstari mmoja mara sitini aliniuliza, kwa upole kabisa, kama naumwa.

Fundi aliliona daftari siku ya kwanza, akanipa jina. Karani. Hakuniita jingine tena.

Pedali zake hakuziita pedali. Aliziita vifumbu. Kifumbu ni ule mfuko mwembamba wa ukindu ambao mama za pwani hukamulia nazi, tui likatoka na machicha yakabaki. Nilimwambia kwetu tunatumia chujio la plastiki.

"Nyinyi watu wa bara mwatia tui la pakiti," alisema. "Mtajuaje kuchuja?"

Lakini alinifundisha. Besi, alisema, ni tui zito, lile la kwanza, la kasimile. Ukiichuja ovyo unamwaga tui na kubaki na machicha. Ndiyo maana filta nyingi zilizotengenezwa kwa magitaa mengine huiua besi: zinaondoa chini, na chini ndiko besi inakoishi. Cha kwanza rafuni, cheusi, alichoachiwa na baharia mmoja, kilikuwa hivyo. Ukikikanyaga, besi inageuka mbu. Cha pili, chekundu, kilikuwa na kanyagio la kwenda mbele na nyuma, sauti ikifumba na kufumbua kama mtu anayesema huku amejifunika shuka. Hicho nilikichezea wiki nzima.

Cha tatu, cha kijani, alikitengeneza mwenyewe. Kisanduku chake kilikuwa kile cha chuma kinachozikwa ukutani nyuma ya swichi ya taa, na rangi ilikuwa imebaki alipopaka mlango wa duka. Ndani mlikuwa na aisii moja, kile kidude cheusi chenye miguu minane, aliyoitoa katika kinanda kibovu cha hoteli na ambayo, alisema, haitengenezwi tena. Hakuandika kitu juu yake. Vitufe viwili vya kuzungusha, bila namba. Alikuwa akifunika namba za pedali za watu wengine kwa utepe mweusi pia, kwa sababu, alisema, kijana akiona namba anapiga namba.

Ilinitesa, hiyo. Nitaandika nini daftarini?

Namna yake ya kujaribu kifumbu ilikuwa moja, na hakuibadilisha kwa mtu yeyote. Unachomeka waya. Unakaa. Unapiga uzi mmoja, mtupu, bila kushika popote, na unaendelea kuupiga huo huo, huku unazungusha kitufe kidogo kidogo, mpaka chai yako iishe. Wimbo ni mwiko mpaka chai iishe. Na chai ya Fundi ilijaa kopo zima.

Mama wa mahamri, ambaye karai lake lilikuwa mlangoni pa duka upande wa kivuli, alichoka mapema.

"Fundi! Huyo mtoto apiga dung dung tangu adhuhuri. Gitaa limekwama?"

"Limekwama kichwani mwake, si gitaani. Lete mahamri manne."

"Manne? Daktari alisema mangapi?"

"Daktari hapigi besi."

Hapo napaswa kusema kwamba Fundi hakuwa mtu wa kunyooka. Alitangaza kwamba sukari ameiacha, na kweli katika kabati lake hapakuwa na sukari. Ilikuwa katika mkebe ulioandikwa "fyuzi". Aliwadharau wapiga vinanda wa harusi, akisema wanabonyeza kidole kimoja na mashine inawapigia ngoma, lakini vinanda vyao ndivyo alivyovitengeneza kwanza, kabla ya redio za majirani, na akivirudisha alikuwa amevifuta vumbi. Alinikataza kusema vibaya juu ya mpiga muziki yeyote, kisha akatumia alasiri nzima kumsema mmoja.

Na hakupiga mbele ya watu. Alikuwa mpiga besi wa bendi za hoteli miaka mingi, wote walilijua hilo, lakini ukimwomba alikuwa na kazi. Nilimsikia mara moja tu. Mvua kubwa ilikuwa inapiga mabati, nami nilikuwa nimesimama chini ya upenu nikingoja ipungue kabla ya kuingia. Katikati ya ule mshindo nikasikia kitu kingine, chini, kinatembea. Nikachungulia. Alikuwa ameketi akiutazama ukuta, mgongo mlangoni, kifumbu cha kijani miguuni, anapiga. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye gitaa. Kila noti ilianza imefumba mdomo, ikafumbuka, ikafumba. Mvua ilipopungua akaacha katikati ya mstari. Niliingia baada ya kuhesabu mpaka mia, nikamwamkia shikamoo kama niliyefika sasa hivi. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimelowa.

Basi nilikitaka kile kifumbu kama sijawahi kutaka kitu. Na hapa ndipo kosa langu lilipoanza, kabla ya adapta.

Kile cha kijani kilikuwa filta inayousikiliza mkono. Hakina kanyagio la kwenda na kurudi. Ukiupiga uzi kwa nguvu, chenyewe kinafunguka, "wau". Ukiupiga kwa upole, kinabaki kimefunga. Kwa Fundi kilifunguka. Kwa mpiga besi wa hoteli aliyekuja mara kwa mara kilifunguka hata kikapiga kelele. Kwangu kilibaki kimefumba. Nilipiga uzi mtupu kopo zima la chai, nikazungusha vitufe vyote pande zote, nikapata sauti ile ile ya mtu anayesema ndani ya gunia.

"Wampapasa," alisema Fundi, akiutaja uzi kama mtu. "Mpige. Si yai."

Nilimpiga. Kwa mawazo yangu nilimpiga. Lakini mkono uliokaa mwaka mzima ukificha makosa haujui nguvu iko wapi. Na mimi, badala ya kuutazama mkono, nilikwenda nyumbani nikatazama video. Mtu mmoja katika simu alisema filta za kizamani hulegea betri ikichoka. Nikapata jibu nililolitaka: si mimi, ni betri. Fundi alikuwa na sharti moja juu ya kile kifumbu, betri tu, volti tisa, basi. Niliona ni ukaidi wa kizee. Nilichukua adapta ya kinanda cha kanisa, nikaiweka kwenye mfuko wa gitaa, nikaenda nayo dukani siku tatu mfululizo bila kuitoa.

Siku ya nne iliadhiniwa alasiri, Fundi akavaa kofia.

"Nakwenda kuswali. Duka lako, Karani. Akija mtu, mwambie nusu saa."

Hakufunga kitu. Hakuwahi kufunga kitu. Nilimsikia akimsalimu mama wa mahamri, kisha viatu vyake. Nikatoa adapta. Kichwa chake kiliingia sawasawa kwenye tundu la umeme ubavuni mwa kifumbu, ambalo Fundi hakulitumia, bila kulazimishwa, na kuingia kule kukanipa moyo. Nikawasha.

Haikutoa sauti kubwa. Ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayefungua soda mbali, na harufu. Harufu hiyo mpaka leo nikiipata mahali, hata jirani akiunguza nguo kwa pasi, natazama kwanza kilichochomekwa ukutani. Adapta ilikuwa ya volti kumi na mbili, na chanya na hasi yake zilikuwa kinyume. Yote hayo yalikuwa yameandikwa mgongoni mwake, na mimi, mtu wa kuandika kila kitu, sikusoma.

Nilikipepea kifumbu kwa daftari. Nikafungua dirisha. Nikakirudisha rafuni, nikakipanga sawa na vile vingine, nikachomeka chekundu, na Fundi aliporudi alinikuta napiga uzi mtupu.

"Amekuja mtu?"

"Hapana, Fundi."

Akanusa. Akatazama chuma chake cha lehemu, akakikuta kimezimwa. Akaketi.

Ningemwambia saa ile, mambo yangekuwa hasira ya jioni moja. Nilijiambia nitamwambia kesho, nikiwa nimetulia. Kesho kulikuwa na watu. Keshokutwa hakikuguswa, nikaona pengine hakijafa. Wiki iliyofuata yule mpiga besi wa hoteli akaja na wenzake wawili, akaomba cha kijani, kwa sababu walikuwa na shoo na alitaka kukiazima. Fundi alikishusha mwenyewe. Alikichomeka kwa fahari, akatia mkono wa kushoto mfukoni, akasema, "Haya, mpige."

Akapiga. Kimya. Akapiga tena. Fundi akabadilisha betri. Kimya.

"Mzee, mtoto amelala leo," alisema mmoja wa wale wenzake akikionyesha kifumbu, na wakacheka, si kwa ubaya.

Nilikuwa nimeketi kwenye kreti mlangoni. Nilijua mahali neno lilipo, nililihisi nyuma ya meno, na sikulitoa. Fundi alikifungua kisanduku mbele yao, akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama kwa muda mrefu sana. Siku mbili kabla ya mimi kukiunguza, alikuwa ametia lehemu upya kwenye miguu ya ile aisii. Sasa alikuwa anaitazama hiyo miguu.

"Nimeipika," alisema hatimaye. "Chuma kimekaa sana. Mkono umetetemeka, mato hayakuona." Alisema mato, si macho, kama wasemavyo watu wa Mvita wa zamani. "Aisii ukiipika hivyo huishi siku mbili tatu, halafu hufa. Samahani, mwanangu. Mato yangu yamekwisha."

Hivyo ndivyo nilivyomfanyia. Sikumharibia kisanduku tu. Nilimwacha aamini.

Kutoka hapo aliniita kwenye meza yake kila siku. Lehemu nzuri hung'aa; iliyoharibika huwa na ukungu. Alikuwa akimaliza kuunga waya ananipa kioo.

"Karani, hebu nitazamie. Inang'aa?"

"Inang'aa, Fundi."

"Wanionea huruma."

Zilikuwa zinang'aa kweli. Zote. Lakini aliziyeyusha akaanza upya, na ukiyeyusha lehemu mara nne unaiharibu kweli, na akiiharibu alitikisa kichwa kama aliyepata ushahidi. Akaanza kurudisha kazi za watu. Amplifaya ya msikiti aliyoitunza miaka akaikataa. Mwezi wa tano tangu siku ile alimwambia mama wa mahamri kwamba anahamia kwa binti yake Likoni. Siku ya kufunga duka alinipa kifumbu cha kijani.

"Chukua. Kimekufa, lakini sanduku ni zuri. Utatia misumari."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilikiweka chini ya kitanda, nikakihamishia juu ya kabati, nikakirudisha chini ya kitanda.

Ningeendelea hivyo, najijua. Aliyenivunja ni mama wa mahamri. Alinisimamisha siku moja, akanipa hamri moja ambayo sikuiomba.

"Wasikia Fundi? Ametoa chuma chake cha lehemu. Ampa mtoto wa jirani. Asema mikono yake ni hatari, itaunguza vitu vya watu." Akageuza mahamri yake karaini. "Mtu yule. Huenda hata mwaka hatamaliza, akikaa bure hivyo."

Jumamosi iliyofuata nilivuka kivuko na gitaa mgongoni, kifumbu mfukoni. Nilikuwa nimeandika maneno yangu daftarini, ukurasa mzima, nikayasahihisha mara tatu. Nyumba ya binti yake ilikuwa na baraza ndogo ya saruji, na Fundi alikuwa ameketi hapo, kanzu safi, kofia. Kitu fulani hakikuwa sawa naye na sikukijua ni nini mpaka niliposhika mkono wake kumwamkia. Mikono yake yote miwili ilikuwa nje, juu ya mapaja.

"Karani! Karibu. Binti! Mgeni. Mtilie chai."

"Fundi, mimi ndimi niliyeunguza kifumbu."

Ukurasa mzima ulikwisha hapo. Sikuketi. Nilimwambia alasiri ile, na adapta, na dirisha, na kwamba nilikuwepo aliposema mato yake yamekwisha. Binti yake alikuwa amefika na kikombe, akasimama nacho.

Fundi aliuliza swali la kwanza kama fundi.

"Volti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Katikati chanya?"

"Chanya."

Kuku walipita. Kisha uso wake ukabadilika pole pole, na nikaona hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane mwanangu huyu anisomea maandishi ya dawa. Simimini chai mwenyewe. Nimewaambia watu nimekuwa mzee. Nilikuachia duka langu nikaenda kumsujudia Mungu, na wewe..." Hakumaliza. "Ondoka."

"Baba," alisema binti yake.

"Aondoke."

Niliondoka. Nilikuwa nimefika langoni nilipomsikia.

"Kiko wapi?"

"Ninacho hapa, Fundi."

"Ndoo nacho hapa."

Sikuwa na bisibisi. Binti alileta kisu cha jikoni. Fundi alikifungua kisanduku, akakinusa kwanza kama mtu anayenusa samaki, kisha akataka kioo chake. Kilikuwa ndani ya sanduku la nguo, ilichukua muda. Akainama.

"Tumbo," alisema.

"Nini, Fundi?"

"Imepasuka tumbo. Chuma cha lehemu huunguza miguu, hakipasui tumbo. Huu ni umeme kinyume. Mtoto wa darasa angeona." Akakisogeza kisanduku kwenye jua. "Sikutazama tumbo. Nilitazama nilichokuwa nakiogopa."

Kisha akanipa kioo. Sauti yake ilikuwa bado kavu.

"Tazama lehemu yangu. Yang'aa?"

Nilitazama miguu minane, mmoja mmoja. Nilikwenda polepole, kwa sababu nilijua neno langu kwake lina thamani gani sasa.

"Yang'aa yote. Ila mguu wa tano una ukungu kidogo."

Alininyang'anya kioo. Akatazama. Akakaa nao huo mguu wa tano.

"Kweli," alisema, na mara ya kwanza siku hiyo akanitazama usoni. "Una ukungu." Akarudisha kisu kwa binti yake. "Na mimi nilijua pana kijidude cha kuzuia umeme kinyume, kitu kidogo kama punje ya mchele. Sikukitia. Huiba umeme kidogo, nami nilitaka sauti yote. Nilijua iko siku atakuja mjinga. Sikujua ni karani wangu."

Chai ilikuwa imepoa. Tuliinywa.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea chuma kipya cha lehemu, na aisii nyingine, si ile ile bali ya aina inayokaribiana nayo, niliyoitoa katika redio mbovu ya gari. Aliiunga barazani, binti yake akilalamikia moshi. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. Alitia na ile punje ya mchele. Alipomaliza akasukuma kifumbu kwa mguu kuelekea kwangu, betri ndani, bila neno, na nikapiga uzi mtupu. Kilibaki kimefumba. Kwa nukta moja nikatafuta cha kulaumu: aisii ngeni, betri, punje. Kisha nikaupiga uzi kama mtu anayebisha hodi nyumba anayojua wenyewe wamo. Kikafunguka. Si kama zamani; kilichelewa kidogo, na juu kilikuwa na mkwaruzo. Nilikosea noti iliyofuata, kwa sauti kubwa, na mtoto wa jirani akacheka.

"Endelea," alisema Fundi. "Chai haijaisha."

Sasa ana meza barazani, na watu wa Likoni wanamletea redio. Akienda kuswali hulifunga sanduku lake la vifaa na huenda na ufunguo. Zamani hakufunga, na sijamwuliza. Mimi nikiharibu kitu nasema siku hiyo hiyo, kabla sijaketi. Na kanisani sauti ya besi naiacha pale mwimbishaji alipoiweka.